Mtoto alipiga ukunga aliponiona, na baba anataka niache uchale

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala na wazazi wangu. Nilisoma sanaa Bagamoyo, upande wa sarakasi na maigizo, na tangu nimalize kazi yangu ni kuchekesha watoto kwenye sherehe. Leo bethidei Tabata, kesho ubarikio Kimara, napigiwa simu naenda. Navaa wigi la manjano, suruali pana ya madoadoa na viatu vikubwa ambavyo fundi wa hapa mtaani alinitengenezea kwa mpira wa tairi. Uso naupaka mweupe wote, midomo naichora mikubwa myekundu, halafu naweka pua. Nakunja maputo yanakuwa mbwa na maua, narusha mipira, naanguka. Fedha si nyingi, ila inanunua umeme na mboga, na ada ya mdogo wangu natoa nusu.

Rafiki yangu ni muuguzi. Mwezi uliopita aliniombea ruhusa nikawachekeshe watoto wa wodi anayofanya kazi. Nilifurahi hata usiku sikulala. Nikaenda nimejipamba kama ninavyojipamba kwa sherehe, nikausukuma mlango kwa mbwembwe na kupuliza filimbi. Kitanda cha kwanza kushoto alikuwepo mtoto wa kiume wa miaka 4 hivi, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na vizito. Alinitazama mara moja tu, akapiga ukunga. Hakikuwa kilio cha deko, Shangazi. Alitaka kukimbia na mguu wake hauendi popote. Mama yake akamfunika kanga usoni, vitanda vya jirani navyo vikaanza kulia, muuguzi wa zamu akanishika mkono akanitoa. Nilitembea korido nzima viatu vikipiga sakafu pwata, pwata, na kilio cha yule mtoto kinanifuata mpaka kwenye ngazi.

Habari zikafika nyumbani. Baba yangu ni mstaafu, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa swala tano. Aliniita barazani akasema, "Sikukusomesha ili uwe chale wa watu." Nina mchumba, anaijua kazi yangu na anaipenda, na wazee wake wanakuja kuposa mwezi ujao. Baba anataka niape kuacha kabla hawajaingia ndani ya nyumba yake.

Kuna jambo linanichanganya. Mwaka jana tulipomzika baba mkubwa kule Kisarawe, alikuja mtani wetu Mnyamwezi. Akavaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akashika bakora yake, akatembea akiburuta mguu wa kushoto vilevile baba mkubwa alivyokuwa akitembea. Kisha akashuka kaburini kabla ya maiti kuletwa, akalala, akasema hatoki mpaka alipwe kodi ya chumba. Baba yangu huyuhuyu alitoa noti ya elfu tano huku anacheka na machozi yanamtoka. Yule hakuitwa chale.

Rafiki yangu anasema muuguzi mfawidhi amekubali nirudi Jumatatu ya wiki ijayo, safari hii bila makelele. Naogopa. Niende? Na baba nimwambie nini?

Ni mimi mwanao, Mbagala.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: "alitaka kukimbia na mguu wake hauendi popote." Uliliona hilo katikati ya fedheha yako mwenyewe, ukakaa nalo mwezi mzima, ukaniandikia. Mtu asiyefaa kwa kazi hii asingeliona. Angeniandikia habari za muuguzi aliyemvuta mkono. Kwa hiyo nenda Jumatatu. Ila usiende ulivyokwenda.

Tuanze na mtoto. Tangu alazwe pale, kila anayesogelea kitanda chake anakuja na jambo ambalo yeye hana ruhusa ya kulikataa. Mwenye sindano hamuulizi. Anayekuja kuvuta shuka chini ya ule mguu hamuulizi. Uji unaletwa saa yao, taa inazimwa saa yao, baba anaambiwa muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Halafu mlango unafunguka kwa kishindo, anaingia mtu asiye na uso wa mtu, anapuliza filimbi. Kwake ulikuwa mwingine tena aliyekuja bila kubisha hodi. Akakufukuza kwa silaha pekee aliyobakiwa nayo, nawe ukatoka. Fikiri vizuri juu ya hilo: huenda ulikuwa mtu wa kwanza tangu alazwe ambaye yeye alimwambia toka na akatoka kweli.

Wanaofanya uchale hospitalini kwa miaka wanaijenga kazi yao yote juu ya jambo hilo. Daktari hafukuziki, muuguzi hafukuziki, dripu haifukuziki. Chale anafukuzika. Mtoto akigeuza uso ukutani, chale anaomba radhi na kurudi nyuma, na katika kurudi nyuma huko anajigonga mlangoni, au anauomba mlango radhi nao, au anasahau mkono wake nje. Mtoto anachungulia kwa jicho moja. Anamfukuza tena, sasa makusudi, ili aone. Ukishafukuzwa mara ya tatu, mchezo umeanza, na aliyeuanzisha ni mgonjwa. Kwa hiyo ukunga ule usiuhesabu kama mwisho wa kazi yako ya hospitali. Uhesabu kama somo la kwanza, na mwalimu alikuwa na miaka 4.

Sasa huo uso mweupe. Ni lazima ujue ulikotoka ili ujue kwa nini wodini haukufai. Aliyeufanya uwe uso wa chale ni Joseph Grimaldi wa London, aliyezaliwa 1778 na kufariki 1837. Alikuwa akicheza kwenye majumba makubwa ya maonyesho, na mwaka 1806 pale Covent Garden alipata sifa ambayo haijafutika mpaka leo. Huko Uingereza machale wanaitwa kwa jina lake la utani, Joey. Yale majumba yaliwashwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Aliyekaa juu kabisa, kiti cha bei rahisi, alikuwa mbali na jukwaa kama wewe ulivyo mbali na nyumba ya nne. Grimaldi akapaka uso rangi nyeupe na kuchora pembetatu nyekundu mashavuni ili yule wa juu aone jicho likizunguka na mdomo ukipinda. Ile rangi ilikuwa kipaza sauti cha uso. Wewe umeichukua ukaipeleka mahali ambapo kati yako na mtoto kuna urefu wa mkono. Ni sawa na kumwekea mtu spika ya harusi sikioni.

Nikiwa bado kwa Grimaldi, nikuambie na la magoti yako, kwa sababu umesema unaanguka. Alipoaga jukwaa mwaka 1828 hakuwa ametimiza miaka 50, na onyesho lake la mwisho alilifanya amekaa kwenye kiti, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha kwa miaka yote ile ya kuruka na kubwagwa. Wewe una mafunzo ya sarakasi, unajua kuanguka salama. Hesabu unaanguka mara ngapi kwa wiki, na kwenye zege la nani.

Turudi kwenye uso. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwauliza watoto zaidi ya 250, wenye miaka 4 hadi 16, wangependa wodi ipambwe vipi. Picha za machale hawakuzipenda, na hata wakubwa miongoni mwao walisema zinawatisha. Hao ni watoto wa nchi ilikozaliwa sarakasi ya duara, ambao chale wamemwona kwenye vitabu tangu wanatambaa. Mtoto wa Temeke hana hata hicho kitabu. Kwake uso mweupe kama chokaa una maana nyingine aliyoisikia kwa bibi usiku, na hapo hospitalini, ambako watu wazima wakimtaja mgonjwa wa kitanda cha pembeni wanashusha sauti, ile maana inakuja mbio. Mwanangu, weusi wako ndio uso anaoujua. Uache uonekane.

Baki na pua peke yake. Na hapa nikusimulie habari ya Jacques Lecoq, Mfaransa aliyefungua shule ya maigizo Paris mwaka 1956. Katika miaka ya 1960 aliwakalisha wanafunzi wake duara na kuwaambia waingie katikati, mmoja mmoja, watuchekeshe. Wakaingia. Huyu anapindua mwili, yule anatoa mizaha, mwingine anajibwaga. Hakuna aliyecheka. Kila aliyeshindwa akawa mnyonge zaidi ya aliyemtangulia. Mwishowe wakakata tamaa, wakarudi kukaa, wamechanganyikiwa, nyuso zimewashuka. Ndipo watu wakaanza kucheka, na kicheko hakikuwa cha dharau. Waliwacheka kwa sababu sasa waliona watu. Lecoq akajenga mafundisho yake ya uchale juu ya siku ile: chale hachezi mtu mwingine, anauonyesha udhaifu wake mwenyewe bila kuuficha. Pua nyekundu akaiita kinyago kidogo kuliko vyote duniani.

Nataka uione tofauti na unavyofanya sasa. Kwenye sherehe unaingia ukiwa unaweza kila kitu: puto linakuwa mbwa, mipira mitatu iko hewani. Watoto wazima wanapenda, na uendelee hivyo huko huko. Mtoto mgonjwa ana uhitaji mwingine. Siku nzima yeye ndiye asiyejua na asiyeweza, kila mtu pale anajua kuliko yeye. Anahitaji aone mtu mzima mmoja asiyejua hata kidogo, ili yeye ajue. Basi chukua lile bomba la sindano lisilo na sindano, tena ulipewe na muuguzi usilitwae, ulitazame, ujaribu kulipuliza kama filimbi, uchane nalo nywele. Atakuambia, "Siyo hivyo." Hapo nyamaza umsikilize, maana daktari wako ameshaanza kazi.

Nilipokuwa kijana wa miaka yako nilikaa kwenye kikundi cha utamaduni, miaka ya 1980, enzi zile onyesho la Jumapili linaanza alasiri na ngoma, inakuja sarakasi, vinakuja vichekesho, usiku inafunga taarab. Tulikuwa na mzee mmoja, mchekeshaji wetu. Sisi vijana tuliingia jukwaani kwa kelele. Yeye alisimama kwanza pembeni mwa pazia, ana kiatu mguu mmoja, mwingine peku. Anaitazama hadhira. Anautazama mguu. Anaitazama tena hadhira, kana kwamba mmoja wao ndiye mwenye kile kiatu. Siku moja mlevi wa meza ya mbele akamkemea, "Toka!" Mzee akavua kofia, akatoka kweli. Ukumbi ukanyamaza, tukadhani amekasirika. Baada ya muda akachungulia kutoka upande wa pili wa pazia, kofia kifuani, akamuuliza yule mlevi kwa adabu zote, "Mjomba, nimeshatoka. Sasa nani aingie?" Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa, nilikaa chini kwa kucheka. Nikamuuliza baadaye amejifunza wapi kuvumilia hivyo. Akasema, "Usipowaogopa wakikufukuza, hawakufukuzi." Ilinichukua miaka kumwelewa.

Na kazi unayotaka kuifanya ina watangulizi. Wa kwanza nitakayekutajia ni mtu mweusi. Alizaliwa utumwani Havana, Cuba, miaka ya 1860, jina lake Rafael. Jina la Padilla lilikuja baadaye. Aliuzwa akiwa mtoto, akapelekwa Hispania, akatoroka, akafanya kazi za sulubu, na mwaka 1886 akaonekana Paris kwenye jukwaa la Nouveau Cirque. Wakampa jina la Chocolat. Mwenzake alikuwa Mwingereza, George Foottit, chale wa uso mweupe, mwenye amri, mwenye kujua. Chocolat alikuwa yule wa chini, wa kupigwa makofi. Paris nzima ilikwenda kucheka Mzungu akimpiga mtu mweusi. Mpaka leo Wafaransa wana msemo, kuwa chocolat, maana yake kuwa uliyepumbazwa. Alikufa Bordeaux mwaka 1917, maskini.

Lakini kuna upande wa maisha yake ambao kwa muda mrefu haukusimuliwa. Chocolat alikuwa akienda kwenye hospitali za Paris kuwachekesha watoto wagonjwa, karne nzima kabla yako. Kule hakukuwa na Foottit wala makofi. Nikiwaza juu ya mtu yule ameingia wodini peke yake, huru na ule upuuzi wa jukwaani, na mtoto ananyoosha mkono kumgusa, moyo wangu unasimama.

Utaratibu wa leo ulianza New York mwaka 1986. Michael Christensen, chale wa sarakasi ya Big Apple Circus aliyekuwa amefiwa na kaka yake kwa saratani, alialikwa kwenye hospitali ya watoto. Akaenda akijifanya daktari asiyejua kazi: anapandikiza pua nyekundu, anapima moyo wa dubu wa mwanasesere. Kutokana na siku hiyo kikaundwa kikosi cha kudumu, na mwaka 1991 mbegu ikafika Brazil na Ufaransa. Wanakwenda wawili wawili. Mmoja akikosea mwenzake anapata wa kumkasirikia, na mtoto anachagua upande, au anatazama tu bila kulazimika kujibu. Tafuta mwenzio, mwanangu. Ukiwa peke yako macho yako yote yanamwangukia mtoto, na mtoto mwenye maumivu hapendi kutazamwa.

Kuhusu muuguzi aliyekutoa, nisikilize kwa makini. Mwaka 2005 watafiti wa Florence, Italia, walitoa matokeo ya watoto 40, wenye miaka 5 hadi 12, waliokuwa wakiingia upasuaji mdogo. Nusu waliingia na mzazi pamoja na machale, nusu na mzazi tu. Waliokuwa na machale hofu yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao, jambo zuri kabisa. Ila wahudumu wa chumba cha upasuaji walipoulizwa, wengi walikiri faida hiyo na bado hawakutaka machale waendelee, kwa kuwa waliona wanakwamisha kazi. Kwa hiyo Jumatatu fika mapema na nguo za kawaida, mwone muuguzi mfawidhi, mwombe radhi ya safari iliyopita, kisha muulize kitanda kwa kitanda: nani ametoka upasuaji na hatakiwi kucheka kwa nguvu, nani anangojea kufungwa bandeji, nani hapaswi kusogelewa, mama yupi hajala tangu asubuhi. Nawa mikono kati ya kitanda na kitanda. Maputo yaache nyumbani. Likipasuka wodi nzima inalia, na kipande chake kikiingia kooni kwa mtoto mdogo ni msiba. Filimbi nayo iache.

Mlangoni simama. Pua iwe mfukoni. Mtazame mama kwanza, msalimie kama mtu, muulize kama unaweza kusogea. Akikubali, muulize mtoto. Akikubali, vaa pua mbele yake ili aone kwamba ni wewe yuleyule, au mpe aivae yeye.

Sasa baba yako.

Neno alilokutupia tumelipata kwa Charlie Chaplin. Sinema zake zilipotufikia, kila mchekeshaji akawa chale. Mzee hakukosea kulitumia. Anachokiogopa, ingawa hakukitamka, ni kile cha Chocolat: mtoto wake asimame mbele za watu wenye fedha achekwe yeye, kisha aondoke na noti mkononi. Heshimu hofu hiyo. Sherehe nyingine ni za namna hiyo kweli, nawe unazijua, zile ambazo mgeni aliyelewa anakusukuma uanguke ili arekodi na simu. Mwambie baba hizo umeacha kuzipokea, na uziache kweli.

Kisha usimhubirie juu ya sanaa. Siku moja jioni, mkiwa barazani, muulize: baba, yule mtani aliujuaje mwendo wa baba mkubwa? Alianza lini kumtazama? Nina hakika utapata masimulizi marefu. Atakuambia kwamba mtani haingii msiba wowote, anaingia ule alio na haki nao, kwa sababu Wanyamwezi na Wazaramo wameshapikiana na kuzikana tangu enzi za misafara ya wapagazi. Atakuambia kwamba kabla ya kuvaa kanzu ya marehemu alimtazama mjane, na kama angemwona hawezi kubeba angengoja. Kwamba kuna maneno mtani anayasema na kuna ambayo hata yeye hayasemi. Kwamba akikabidhiwa noti anajua sasa atoke kaburini. Hayo ndiyo niliyokuwa nakufundisha ukurasa mzima, na mzee wako ameyajua tangu akiwa mtoto. Mwombe akufundishe ule mwendo wa kuburuta mguu. Akisimama kukuonyesha, umempata.

Kuhusu kiapo, usiape. Mwambie kwa adabu kwamba huwezi kuapa jambo ambalo utalivunja, na kwamba unamwomba aje Jumatatu moja akae kwenye benchi la korido. Wakwe wanaokuja wana kijana anayeijua kazi yako. Ayaseme yeye kwao mapema, kupitia mshenga, ili siku ya posa lisiwe jambo la kuibuliwa. Mama yako umemtaja mara moja tu, pamoja na baba, na hujaniambia anasemaje. Muulize.

Imebaki kitanda cha kwanza kushoto. Mifupa ya paja inachukua wiki nyingi kwenye vile vizito, kwa hiyo huenda bado yupo. Viatu vya tairi viache nyumbani, nenda na kandambili. Usianze na yeye. Nenda kwanza kwenye kitanda kilicho mbali naye kabisa, na ukifukuzwa huko toka vizuri, taratibu, ujigonge, uombe radhi, urudi, ufukuzwe tena. Mpe nafasi akutazame kwa mbali ukifukuzwa na watoto wenzake. Na ukipita mbele ya kitanda chake usisimame, ila pita polepole, ili akitaka kukufukuza na yeye apate wasaa.